MaMlotshwa na Pipa la Chumba cha Pili

Alhamisi hii, tarehe 31 Julai 2025, Mama Sikhangezile Mlotshwa anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Wanyama cha Mthunzini, hapa Bulawayo, kwa miaka thelathini na miwili kasoro siku tatu. Ofisi ilijitolea kumwongezea hizo siku tatu ili cheti kipendeze. Alikataa. Alisema asiandikiwe siku ambayo hakufanya kazi, na cheti kikachapwa na kasoro yake.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye ninayekaa mapokezi, na mtu wa mapokezi huona nani anaingia saa ngapi. Kwa hiyo naweza kushuhudia kwamba kwa miaka kumi na moja niliyokaa hapa, MaMlotshwa hajawahi kunikuta nimefika kabla yake.

Aliajiriwa Agosti 1993 kuosha mabanda ya mbwa na kuwapikia. Paka hakuwajua. Kwao, upande wa Plumtree, paka alikuwa mnyama wa ghalani, anayejitafutia panya na asiyeulizwa hali. Wiki yake ya pili mtu aliacha getini boksi la sukari lenye watoto watano wa paka, matumbo yamewajaa kama ngoma. MaMlotshwa alifurahi, akadhani wameshiba. Kufikia Jumapili watatu walikuwa wamekufa. Daktari wa wakati huo, badala ya kumfariji, alimpasua mmoja mbele yake ili aone kilichokuwa ndani: minyoo iliyosokotana kama tambi, imeujaza utumbo wote. MaMlotshwa alitazama mpaka mwisho, kisha akauliza dawa yake inaitwaje na inatolewa kila baada ya siku ngapi. Mwezi uliofuata alihamishiwa kwa paka, na hakuondoka tena.

Watumishi wapya wengi wamepitia mikononi mwake, na wote wanajua somo la kwanza, yaani tumbo kubwa si shibe. Somo la pili ni mizani. Kila asubuhi kila mtoto wa paka anapimwa uzito kwenye mizani ya jikoni na uzito unaandikwa, kwa sababu mtoto wa paka huanza kufa kwenye karatasi kabla hajaanza kufa kwenye kikapu. Somo la tatu ni dawa ya minyoo, ambayo huanza mtoto akiwa na wiki mbili na hurudiwa kila baada ya wiki mbili, na mama yake hupewa pia, maana dawa huua minyoo iliyokomaa na kuacha midogo inayokuja nyuma. Anayehara hufinywa ngozi ya shingo. Ngozi ikikawia kurudi, hapewi chakula kwanza, anapewa maji chini ya ngozi kwa sindano.

Somo la nne halikuwa rasmi. Msimu wa amacimbi, wale viwavi wa mopane ambao sote tumekua tukiwala, MaMlotshwa alikuwa akija na bakuli lake na kuwala mezani palepale tunapokagulia vinyesi. Bila shaka meza ilikuwa imefutwa. Hata hivyo wafanyakazi wapya waliokuwa wametoka kuona minyoo hai muda mfupi uliopita walikuwa wakiomba ruhusa ya kwenda nje. Yeye aliendelea kutafuna taratibu na kuwauliza, "Nyumbani kwenu mnakula nini, mawe?"

Mtaani kwake Luveve walimsema. Mwanamke anayerudi nyumbani jioni na paka mgonjwa kifuani watu hawakosi la kumsema, na jirani mmoja alimwambia wazi kwamba paka wale ni wa kichawi na wanamtuma. MaMlotshwa alimjibu, "Kweli wananituma. Wamenituma dukani kuwanunulia dagaa wa kapenta." Baadaye jirani huyohuyo alimletea paka wake aliyekuwa akitapika.

Jambo jingine la kukumbuka ni majina. Hakuwapa watoto wa paka jina mpaka wafikishe nusu kilo. Kabla ya hapo walikuwa namba tu. Sisi tulidhani ni utaratibu wa ofisi. Siku moja nilimuuliza, akasema, "Mwanangu, namba ikifa nalala. Jina likifa silali." Walipofika nusu kilo aliwapa majina ya ukoo wa marehemu mumewe, hasa ya wale waliomchosha.

Daktari wetu, Lungisani Khumalo, alikuja mwaka 2011. Siku MaMlotshwa alipofurahi naye alimwita Mntungwa, kwa heshima ya ukoo wake. Siku alipokasirika alimwita Daktari. Sisi wa mapokezi tulijua hali ya hewa ya chumba cha upasuaji kwa kusikia neno moja tu kupitia ukutani.

Sasa nifike mwaka 2019. Nilipoandika rasimu ya kwanza ya wasifu huu niliuruka mwaka huo. MaMlotshwa aliisoma, akanirudishia na kusema, "Umeandika habari za mtu mwingine. Weka pipa." Kwa hiyo ninaweka pipa.

Mwaka ule mabwawa yalikuwa yamekauka na maji yalitoka bombani siku mbili kwa wiki, mara nyingine siku moja. Kila nyumba ya mji huu iliishi kwa maji yanayotumika mara tatu. Uliyoogea ulifulia, uliyofulia uliyamwaga chooni, na mtu aliyemwaga maji safi chini alitazamwa kama mwizi. Hapa kituoni MaMlotshwa ndiye aliyetupangia mambo. Aliweka pipa la bluu nje ya chumba cha pili, chumba cha watoto wa paka. Trei zao za choo zilipooshwa, maji ya kwanza yalimwagwa shimoni. Maji ya suuza ya mwisho, yaliyoonekana meupe kabisa, yalitiwa pipani, yakawekwa klorini, na kesho yake yakatumika kupigia deki vyumba vyote. Kamati ilimpa cheti cha pongezi kwa pipa lile. Kilitundikwa ukutani karibu na meza yangu.

Mwezi Septemba watoto wa paka wa chumba cha pili walianza kuhara. Walikuwa ishirini na sita. Dk. Khumalo alipima vinyesi kwa hadubini akaona si minyoo. Vilikuwa vijidudu vidogo vya utumbo, ndugu wa vile vinavyoharisha vifaranga vya kuku damu, ila hivi ni vya paka. Dawa ilikuwepo, tukawapa. Baada ya siku kumi walikuwa wazima, wanapanda mapazia. Baada ya wiki moja wakaanza tena. Tukawapa mara ya pili, ikawa vilevile. Mara ya tatu walikuwa wamekonda kiasi kwamba ukimshika mmoja unahesabu mbavu kwa kidole gumba, na sehemu zao za nyuma zilikuwa zimechubuka kwa kuhara. Walianza kufa. MaMlotshwa aliongeza usafi. Alipigisha deki mara mbili kwa siku, halafu mara tatu.

Kufikia katikati ya Oktoba walikuwa wamekufa tisa. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Dumezweni Hadebe, ambaye si mtu katili, alikuja akasimama mlangoni mwa chumba cha pili na leso puani. Aliuliza, "Dawa imeshindwa mara tatu. Tunawatibu au tunawatesa?" Kamati ikaamua kwamba kama hali haitabadilika hadi Ijumaa tarehe 25, waliobaki wachomwe sindano ya mwisho, chumba kifungwe, na kuanzia hapo watoto wa paka watakaoletwa getini wasipokewe tena, nao wapewe sindano hiyohiyo. Uamuzi huo ungegeuza kazi yote ya MaMlotshwa. Mlango uleule alioulinda kwa miaka ishirini na sita ungekuwa wa kuwapokea ili wafe.

Jumatatu asubuhi, tarehe 21, MaMlotshwa alikuja mapokezini. Chini ya meza yangu nilikuwa na boksi lenye watoto wawili wa paka, ndugu wa wale wa chumba cha pili, waliotengwa tangu Septemba kwa sababu ya ugonjwa wa macho. Walikuwa wameugua tumbo kama wenzao na kupewa dawa mara ya kwanza pamoja nao. Lakini hawa hawakurudiwa na ugonjwa. Walikuwa wakivutana na kamba ya kiatu changu, wanene, manyoya yanang'aa.

MaMlotshwa alichuchumaa akawatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza bila kuinua kichwa, "Nobukhosi, hapa chini unapiga deki kwa maji ya wapi?"

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeandikiwa barua ya onyo kwa sababu ya vumbi la mapokezi, na ukweli ni kwamba nilistahili barua tatu. Pipa lilikuwa upande wa pili wa uwanja, ndoo ilikuwa nzito, na mimi nilikuwa nikifagia tu na kugeuza zulia. Nilimjibu, "Ya pipa, Mama. Kila asubuhi, kama ulivyosema."

Alitikisa kichwa, akasema, "Basi si maji." Akaenda zake.

Siku mbili zilizofuata alizitumia kutafuta penginepo. Alichemsha maziwa yao. Alibadilisha chakula. Alitupa blanketi zote na kuchana khanga zake mbili alizoletewa zawadi na dada yake kutoka Dar es Salaam, akazifanya matandiko. Maji ya pipa yaliendelea kupita chini ya miguu yao mara tatu kwa siku, nao wakiendelea kujilamba miguu kama paka wote. Wakafa watatu.

Wa tatu alikuwa na jina. Alikuwa jike wa kijivu aliyefikisha nusu kilo mwanzoni mwa Oktoba, kabla hajaporomoka, na MaMlotshwa alimwita Malukazana, yaani mkaza mwana, kwa sababu alikula ameinamisha uso kama bibi harusi mbele ya wakwe. Jumatano saa nne asubuhi MaMlotshwa aliingia mapokezini amembeba ndani ya kipande cha khanga. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Sijawahi kumwona akikaa kiti kile kabla ya siku hiyo wala baadaye. Hakulia. Alisema tu, "Nimebakiwa na kumi na wanne na siku mbili, na sijui ninakosea wapi."

Nilimwambia. "Mama, mimi hapa sipigi deki. Tangu Septemba sijapiga hata siku moja."

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Nilingoja anipige au angalau anitukane. Alisimama, akaniwekea Malukazana mikononi, akasema, "Mshike vizuri," akatoka.

Nilimfuata hadi mlangoni. Alivuka uwanja, akaliinamia pipa la bluu na kulisukuma kwa bega. Lilikuwa limejaa, na bombani maji yalikuwa hayajatoka kwa siku nne. Mpishi wa mbwa alipiga kelele, "MaMlotshwa, umerukwa na akili? Maji hayo." Dk. Khumalo alitoka mbio na glavu mikononi.

"Niachie kikombe kimoja," alisema Dk. Khumalo. "Cha chini kabisa, penye matope."

"Chota upesi, Daktari," alisema MaMlotshwa, na pipa likaanguka.

Kikombe kile kilimaliza ubishi. Tope la pipa lilikuwa limejaa mayai ya vijidudu vile, hai na yamepevuka. Dk. Khumalo alitueleza siku hiyo jambo ambalo leo kila mtumishi wa hapa analijua. Klorini hailiui yai lile. Linachohitaji ni unyevu na siku moja mbili za kutulia, ndipo liwe tayari kumwingia paka. Sisi tulikuwa tumelipa vyote viwili, kisha tukalipaka sakafuni kwa mkono wetu. Dawa ilikuwa imefanya kazi mara zote tatu. Sisi ndio tuliokuwa tukiwaambukiza upya.

Ijumaa kamati ilikutana. Nilikuwepo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu. Dk. Khumalo, kwa wema wake, alikuwa ameandaa taarifa inayosema chanzo ni uhaba wa maji. MaMlotshwa aliomba kusema kabla haijasomwa. Alisimama, amevaa sare iliyopigwa pasi.

"Chanzo ni mimi," alisema. "Pipa ni langu. Nililiweka mimi, nikapewa cheti, nikajivuna. Kila walipozidi kuugua nikazidi kuwapigia deki. Hao kumi na wawili wamekufa kwa usafi wangu. Nawaomba wiki mbili kwa hawa kumi na wanne. Nikishindwa, sindano nitawashikia mimi mwenyewe."

Bwana Hadebe akauliza lililokuwa la haki kuuliza. "MaMlotshwa, wale wawili wa mapokezi walikuwa wazima wiki nzima hii. Kwa nini hukutafuta kwao mapema? Watatu wamekufa tangu Jumatatu."

Kalamu yangu ilisimama. MaMlotshwa hakunitazama hata kidogo. Alisema, "Nilichelewa kuuliza."

Akapewa wiki mbili. Nazikumbuka kuliko wiki zozote za ujana wangu. Deki ilikoma kabisa. Trei zilitolewa, yakawekwa magazeti, na kila kinyesi kiliokotwa kilipoanguka na kuchomwa moto. Vyombo vilikwanguliwa vikiwa vikavu, kisha vikamwagiwa maji yanayochemka kutoka kwenye sufuria ya isitshwala, yaani ugali, ya mbwa iliyowekwa juu ya kuni za mopane uwanjani, na kuanikwa juani mchana kutwa, na jua la Oktoba hapa halina mzaha. Watoto wa paka walipewa dawa mara ya nne, siku hiyohiyo wakafutwa manyoya ya nyuma kwa kitambaa chenye maji ya moto, wakahamishiwa kwenye maboksi mapya. Mmoja alikufa siku ya tatu. Waliobaki kumi na watatu walianza kunenepa, na kinyesi kilipimwa mara tatu kikaonekana safi. Tulipopiga hesabu tuliona pia kwamba utaratibu mkavu ulitumia maji kidogo kuliko pipa. MaMlotshwa alikitoa cheti ukutani yeye mwenyewe.

Chumba cha pili hakikufungwa. Tangu siku hiyo hadi leo mamia ya watoto wa paka wamepita humo na kwenda kwenye nyumba za watu. Kila mtumishi mpya huanzia mlangoni mwa chumba kile, na MaMlotshwa humsimulia habari ya pipa akianza na neno "mimi". Wiki iliyopita alimsimulia mrithi wake, na nilimsikia akimwambia, "Ukiwasimulia wengine, jina langu usiliondoe. Kosa lisilo na mwenyewe hurudiwa."

Kwa niaba ya kamati, Dk. Khumalo, wapishi, madereva na wote waliofundishwa naye, tunamshukuru kwa mikono iliyojua uzito wa mtoto wa paka kabla ya mizani. Tunawashukuru wanawe waliovumilia vikapu jikoni kwao. Dk. Khumalo ameniomba niandike kwamba anatumaini kubaki Mntungwa hadi Alhamisi jioni. Tunamwombea afya, na mapumziko ya kweli ambayo mtu hapimi chochote asubuhi.

Limebaki moja. Kumbukumbu za kikao cha tarehe 25 Oktoba 2019, ukurasa wa pili, zinasema: "Bi. Mlotshwa alieleza kuwa alichelewa kuuliza." Ni mwandiko wangu. Hakuchelewa. Aliuliza Jumatatu asubuhi, akaniuliza mimi, nami nikamdanganya kwa kuogopa barua ya pili ya onyo. Yeye alijua, na kwa miaka sita hajalitaja, hata tulipobaki wawili. Nilipomwonyesha rasimu ya pili, yenye pipa, alisoma hadi palipo na jibu langu la Jumatatu, akaweka kidole hapo na kusema, "Hili unaweza kulifuta." Sikulifuta. Naiomba kamati isahihishe kumbukumbu zake.

MaMlotshwa, mzigo huu utue hapa, ni wangu. Nenda ukaishi vyema, Mama.

Nobukhosi Sibindi
Mapokezi